Ni nani aliyewapa mamlaka ya kumfukuza Clinton kabla kura hazijaisha?

Ndugu wanajukwaa,

Nimeivumilia hali hii ya watu kumtaka Hillary Clinton ajitoe tangu Machi, lakini baada ya niliyoyasoma humu usiku wa Jumanne, na niliyoyasikia kwa masikio yangu Jumatano jioni nyumbani kwa rafiki, naona nikizidi kunyamaza nitahesabiwa kuwa nimekubali. Nijitambulishe kwanza ili asiwepo wa kunibandika jina: mimi ni Mkenya, naishi Indianapolis, nilipata uraia wa Marekani mwaka jana, na Jumanne tarehe 6 Mei 2008 nilimpigia kura Barack Obama katika mchujo wa chama cha Democratic, yaani kura ya kumpata mgombea urais wa chama, ambamo anapambana na Hillary Clinton. Mungu akinijalia uhai nitampigia tena Novemba. Kwa hiyo anayejiandaa kunijibu kwamba nimenunuliwa na kambi ya Hillary Clinton ajipunguzie taabu mapema.

Ninacholalamikia ni huu wimbo mmoja ambao kila mwenye kibodi ameukariri: "Huyo mama ajitoe." Jumatano tulikuwa watu kama kumi sebuleni, televisheni ikiwa wazi, na kila mtangazaji alipotaja jina la Clinton palizuka kelele kana kwamba tumo uwanjani Nyayo. Mwenzetu mmoja akasema kwa sauti kubwa kwamba huyo mama arudi nyumbani akapike. Dada mmoja, anayefanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee na ambaye alitoka kazini Jumanne asubuhi akaenda moja kwa moja kumpigia Clinton kura bila kulala, alikuwa ndiyo kwanza anatoka jikoni na sahani ya chapati. Aliiweka mezani polepole, akachukua funguo za gari lake, akatuaga kwa heshima, akaondoka. Hakuna aliyemfuata. Na kati ya wanaume waliokuwa wakipaza sauti, zaidi ya nusu hawana haki ya kupiga kura katika nchi hii, na wawili wenye haki hiyo hawakwenda kituoni kwa sababu, walisema, foleni ilikuwa ndefu.

Foleni hiyo ninaijua, kwa kuwa nilisimama ndani yake. Vituo vilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, nami nilifika dakika chache baadaye nikakuta watu wamekwisha kuizunguka kona ya ukumbi wa kanisa. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja Mwamerika mweusi, mwenye mkongojo, aliyeniambia kwamba amekuwa akipiga kura za mchujo Mei baada ya Mei na kila mara huwa amepewa jina la mtu ambaye chama kimekwisha kumchagua. Alisema kweli. Mwaka 2004 John Kerry alikuwa amekwisha kuushinda mchujo mwanzoni mwa Machi, miezi miwili kabla ya zamu ya Indiana. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu zama za Robert Kennedy mwaka 1968, wagombea wamekuja hapa kutuomba, wameingia viwandani na mashuleni, na watu zaidi ya 1,200,000 wamepiga kura katika mchujo wa chama cha Democratic. Seneta Patrick Leahy wa Vermont alikwisha kumtaka Clinton ajitoe mwishoni mwa Machi. Angemsikiliza, bibi yule angeamka alfajiri kwa ajili gani?

Nakubali kwamba hesabu inamkataa Clinton, na silifichi jambo hilo. Amebakiwa na chaguzi sita: West Virginia Jumanne ijayo, Kentucky na Oregon tarehe 20 Mei, Puerto Rico tarehe 1 Juni, na Montana na South Dakota tarehe 3 Juni. Wajumbe wa mkutano mkuu, ambao ndio humteua mgombea wa chama, watakaogawanywa kwa kura katika maeneo hayo ni 217, naye yuko nyuma kwa wajumbe zaidi ya 150 wa aina hiyo, na kwa kuwa chama hiki hugawa wajumbe kwa uwiano wa kura wala si kwa utaratibu wa mshindi kuzoa wote, itambidi apate zaidi ya wajumbe 8 katika kila 10 ili tu walingane. Hilo halitatokea. Lililobaki kwake ni kuwashawishi wale wajumbe vigogo, yaani wabunge, magavana na viongozi wa chama wapatao 800 ambao hawafungwi na kura ya mtu yeyote. Sasa, ikiwa kanuni imewapa vigogo hao uhuru wa kuamua, na ikiwa zaidi ya 200 kati yao mpaka leo hawajasema lolote, kosa la Clinton ni lipi? Kwamba amesoma kanuni?

Nimerushiwa ile methali, kama nilivyotarajia: asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo inamhusu mtu ambaye ameshindwa. Obama mwenyewe hajafikisha idadi ya wajumbe inayotakiwa, na usiku uleule mnaousherehekea, Clinton ameshinda Indiana. Ameshinda kwa kura kama 14,000 tu, ndiyo, na North Carolina imemwangusha vibaya, lakini mtu aliyeshinda jimbo Jumanne anaambiwaje Jumatano kwamba anang'ang'ania? Kumbukeni usiku ule ulivyokuwa. Matokeo ya kaunti ya Lake, kule kwenye mji wa Gary ulio ngome ya Obama, yalichelewa mpaka saa saba usiku ikapita, mameya wawili wa kaunti hiyohiyo wakahojiwa kwenye televisheni mmoja akimshuku mwenzake, na sisi wa Obama tulikaa macho tukisema kura zote zihesabiwe, hata moja isiachwe. Tulisema hivyo kwa sababu Gary ni kwetu. Kulipopambazuka tukageuka tukasema za West Virginia hazina haja.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba maneno haya yanatoka vinywani mwa Wakenya. Hatujamaliza hata miezi mitano tangu tarehe 30 Desemba 2007, siku matokeo ya urais kule Kenya yalipotangazwa huku yakibishaniwa na rais akaapishwa jioni ileile, kabla mtu hajapata nafasi ya kuuliza swali. Watu zaidi ya 1,000 wamekufa, mamia ya maelfu wamehama makwao, na wengine wao ni jamaa za watu wanaoandika humu. Sisemi kwamba mchujo wa chama Marekani ni sawa na yaliyotupata; hakuna anayechomewa nyumba Kentucky. Nasema tu kwamba sisi tungepaswa kuwa watu wa mwisho duniani kuona uzuri katika kuharakisha mwisho wa uchaguzi. Na kura zetu za mchujo za Novemba tunazikumbuka: masanduku yaliyochelewa, karatasi zilizokosekana, aliyeshindwa akaibuka na tiketi. Leo tumepata nchi ambayo chama kinawapangia wapiga kura foleni kuanzia Januari hadi Juni, nasi tunalalamika kwamba zoezi ni refu.

Kuna jambo ambalo wengi wenu hamlijui, au mnalijua na mnalipita. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama hikihiki, Jesse Jackson alikuwa nyuma ya Michael Dukakis, na ilipofika Juni hapakuwa na hesabu yoyote ya kumfikisha mbele. Hakujitoa. Alikwenda na wajumbe wake hadi mkutano mkuu wa Atlanta, na kwa kuwa alikuwa nao mkononi aliweza kudai kitu: kwamba kuanzia uchaguzi uliofuata, wajumbe wagawanywe kwa uwiano wa kura tu, bila majimbo kumzawadia mshindi wajumbe wa nyongeza au kumpa wote. Sasa tazameni ramani ya mwaka huu. Clinton ameshinda California, New York, New Jersey, Ohio na Pennsylvania. Kama majimbo hayo yangekuwa ya mshindi kuzoa wote, tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa. Obama ameongoza kwa sababu kila aliposhindwa aliondoka na fungu lake, na fungu hilo alitafutiwa miaka 20 iliyopita na mtu mweusi aliyekataa kuondoka alipoambiwa aondoke. Nimelieleza jambo hili Jumatano, nikajibiwa kwamba Jackson hakuwa na nia ya kuharibu. Nia yake mliipima kwa mizani gani?

Mwingine atanitajia mwaka 1980, Edward Kennedy alipomng'ang'ania rais wa chama chake, Jimmy Carter, hadi mkutano mkuu wa New York mwezi Agosti, kisha Carter akashindwa na Ronald Reagan wa chama cha Republican. Carter aliangushwa na bei za vitu na suala la Wamarekani waliotekwa Tehran, Iran. Na huyohuyo Reagan mwaka 1976 alipambana na rais wa chama chake, Gerald Ford, hadi ukumbini Kansas City, akashindwa, na baada ya miaka minne chama kilekile kikampa tiketi. Hata George McGovern, mzee ninayemheshimu na mgombea urais wa chama mwaka 1972, ambaye Jumatano amemwacha Clinton na kumshauri akubali yaishe, anajua kwamba mwaka ule vita vya kugombea wajumbe wake wa California vilifika hadi kwenye mkutano mkuu.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Clinton ameikopesha kampeni yake dola milioni 5 mwezi Januari, na juzi imefahamika kwamba ameongeza milioni 6.4. Ni zake na mumewe. Anayelia kwa niaba ya mfuko wa Clinton amekosa kazi.

Wala msidhani kwamba namtetea kwa kila kitu. Aliponiudhi nitasema ameniudhi. Suala la Michigan ni aibu: chama kiliamua kwamba jimbo hilo limevunja kalenda yake na kura yake haitahesabiwa, wagombea wakaahidi kutofanya kampeni huko, Obama akaondoa jina lake kwenye karatasi, Clinton akaliacha la kwake, na sasa anataka kura hizo zihesabiwe. Na mahojiano aliyoyatoa juzi kwa gazeti moja, akijisifu kwamba Wamarekani weupe wa tabaka la wafanyakazi wako upande wake huku Obama akidhoofika kwao, ni maneno ambayo mtu mwenye hadhi yake hakupaswa kuyatamka. Mjibuni kwa hayo. Mkosoeni mpaka mchoke. Kumkosoa mtu ni jambo moja, na kumnyima mtu mwingine aliyeko Charleston kule West Virginia au San Juan kule Puerto Rico nafasi ya kuamua kama ukosoaji huo una uzito ni jambo jingine.

San Juan nimeitaja makusudi. Watu wa Puerto Rico hawapigi kura ya urais Novemba, ingawa ni raia wa Marekani. Mchujo ndio mlango pekee waliofunguliwa, na mwaka huu wana wajumbe 55, wengi kuliko Oregon. Vivyo hivyo kisiwa cha Guam katika Pasifiki, ambako Jumamosi iliyopita watu wapatao 4,500 walipiga kura na Obama akashinda kwa kura 7. Saba! Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Hakuna aliyesema siku hiyo kwamba Guam ni mbali na kwamba hesabu imekwisha kufungwa.

Ombi langu kwa wasimamizi wa jukwaa ni kwamba ule uzi wenye picha ya Clinton akiwa na mwiko na sufuria uondolewe, kwa kuwa hauna hoja hata moja ndani yake na umekwisha kumfukuza humu angalau dada mmoja ninayemfahamu. Ombi langu kwa wengine ni jepesi zaidi. Jumanne West Virginia inapiga kura, na Clinton atashinda, tena kwa tofauti kubwa. Mwenye kujua ni kifungu kipi cha kanuni za chama kinachosema kwamba wapiga kura hao wabaki nyumbani, akiandike hapa chini, nami nitaufuta uzi huu kwa mkono wangu.