Mrejesho: orodha ya mishahara iliyokutwa juu ya printa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje baada ya orodha ya mishahara kukutwa juu ya printa ya ofisi, kila anayepita anaisoma.

Nilianza na namba ya siri: kazi ukiituma inasubiri ndani ya mashine, haitoki mpaka mwenyewe usimame pale ubonyeze namba yako. Wiki ya kwanza nilisemwa sana, bosi akiwa mstari wa mbele. Sasa wamezoea, na lile rundo la karatasi zisizo na mwenyewe limekwisha.

Kilichonishtua ni mipangilio. Nywila ya msimamizi ilikuwa ile ile ya kiwandani, iliyoandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo! Hata mgeni aliyeunganishwa Wi-Fi yetu angeweza kuifungua printa kwa kivinjari. Nimebadilisha nywila, nimezima FTP na Telnet (njia za zamani za kutuma faili na kuiamuru mashine kupitia mtandao, zisizoficha nywila), nimesasisha programu yake ya ndani, na sasa iko kwenye mtandao wake peke yake. Mlango 9100, yaani njia ya mtandao ambayo printa hupokelea kazi, unapokea kutoka seva ya kuchapia tu, ile kompyuta inayokusanya kazi za wote na kuzipeleka kwenye printa.

Aliyenikumbusha diski ya kuhifadhia iliyo ndani ya printa, ahsante sana. Mashine ni ya kukodi na mkataba unakaribia kuisha, kumbe ndani inaweza kubaki na nakala za tulivyochapa na kuskani. Tutaifuta diski kabla mashine haijaondoka, na tumedai uthibitisho wa maandishi.

Imebaki mashine ya kuchana karatasi. Tuliyonayo inatoa vipande virefu kama utepe, mwenye subira anaviunga. Nimeomba inayokata vipande vidogo vidogo. Nasubiri saini.