Naomba ushauri: programu inajifunga tangu nisasishe draiva ya grafiki
Habari wakuu. Laptopu yangu ina grafiki (chipu ya kuchora picha kwenye kioo) mbili, ya ndani ya prosesa na kadi inayojitegemea. Tangu nisasishe draiva ya kadi (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi), programu ya kuhariri video inajifunga yenyewe: kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili tatu, kinarudi, programu haipo. Nikiilazimisha itumie grafiki ya prosesa inamaliza kazi, ila kwa mwendo wa kinyonga. Joto la kawaida, ramu nimeipima, nzima. Draiva ya zamani niliirudisha juu kwa juu bila kufuta mpya, na nadhani hapo ndipo nilipoharibu. Je, nizifute draiva zote kwenye hali salama (safe mode, kompyuta ikiwaka na vitu vya lazima tu), intaneti ikiwa imezimwa isije ikajipakulia nyingine? Halafu nianze kuweka ipi, ya prosesa au ya kadi? Kupiga windo (Windows) upya sitaki kabisa.