Mjadala: Je, Hacknet inastahili nafasi katika elimu ya usalama wa kompyuta?

Swali ninaloliweka mezani huzua ubishi kila michezo ya kuigiza udukuzi inapotajwa: je, Hacknet ni chombo kinachofaa kumwingiza kijana katika elimu ya usalama wa kompyuta, au ni burudani inayomzoesha uhalifu huku ikivaa joho la elimu? Wapo wanaosema kwamba mtu anayeshinda akivunja seva za kubuni atatamani siku moja kuvunja seva ya kweli, na kwamba mchezo wa namna hii usiwekwe mbele ya wanafunzi hata kidogo. Wapo wanaojibu kwamba ni walimu wachache mno wanaoweza kumfanya kijana aandike amri za kompyuta jioni nzima kwa hiari yake, ilhali mchezo huu unamfanya aandike bila kusukumwa. Msimamo wangu ni kwamba pande zote mbili zimekubali, bila kulichunguza, jambo moja lisilo kweli, nalo ni kwamba Hacknet inafundisha udukuzi. Ubora wake uko kwingine, na kasoro yake kubwa ni ile ambayo wanaouogopa mchezo huu hawaitaji kabisa.

Kwa wasioufahamu, mchezo huu ulitolewa Agosti 2015, nao ni kazi ya Matt Trobbiani wa Australia, aliyetumia jina la Team Fractal Alligator. Mchezaji anapokea ujumbe wa mdukuzi aitwaye Bit, ujumbe uliojituma wenyewe kwa sababu mwandishi wake ameshakufa, na kuanzia hapo anapewa kazi moja baada ya nyingine: ingia katika kompyuta hii, chukua faili ile, futa rekodi hizi, mpaka pole pole anakaribia kujua kilichompata Bit. Hakuna mhusika wa kutembeza wala silaha ya kufyatua. Kilichopo ni skrini iliyotengenezwa ifanane na ya kompyuta, yenye ramani ya mashine zilizounganishwa na sehemu ya kuandikia amri, na karibu kila jambo la maana hufanyika kwa kuandika.

Hapo ndipo sifa zake zinapoanzia, na sitaki kuzibania. Amri za kushughulikia faili na programu, kama ls, cd, cat, mv, rm, ps na kill, zinafanya ndani ya mchezo kazi inayokaribiana sana na ile zinayofanya katika Linux na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, kwa hiyo mtu anayeumaliza mchezo hawezi tena kuiogopa skrini nyeusi yenye maandishi matupu. Kuna mahali ambapo mdukuzi mwingine anamlipizia mchezaji kisasi, na kompyuta inapowaka tena madirisha, ramani na vitufe vyote vimetoweka. Faili inayoendesha mwonekano wa picha imefutwa, na mchezaji anatakiwa kuitafuta nakala yake katika mashine nyingine, kuileta kwake na kuwasha mfumo upya, yote kwa maandishi. Sijaona namna nyepesi zaidi ya kumwonyesha anayeanza kwamba picha tunazobofya kila siku ni programu kama programu nyingine, na kwamba zikianguka kompyuta yenyewe bado ipo na bado inasikia amri. Wanaosema mchezo huu hauna thamani yoyote ya kielimu waijibu sehemu hiyo kwanza.

Tatizo linaanza kwenye poti, yaani milango yenye namba ambayo kompyuta hupokelea mawasiliano ya mtandao. Katika Hacknet mchezaji anaandika amri ya probe, anaorodheshewa poti za mashine anayoishambulia, tuseme 21 ya FTP (kuhamisha faili), 22 ya SSH (kuingia katika mashine kwa mbali), 25 ya SMTP (barua pepe) na 80 ya HTTP (kurasa za wavuti), kisha anaambiwa ni poti ngapi zinazopaswa kufunguliwa kabla mashine haijavunjika. Anazindua SSHcrack dhidi ya poti 22, FTPBounce dhidi ya poti 21, na idadi ikitimia anamalizia kwa PortHack, ambayo inamkabidhi mamlaka ya msimamizi. Kila programu inakula sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta yake, kwa hiyo lazima apange ipi itangulie na ipi izimwe ili nyingine ipate nafasi. Kama fumbo la kuchezwa, ni zuri, na linakolea kadiri mashine zinavyozidi kuwa ngumu.

Namba hizo za poti ni za kweli, lakini mantiki inayozizunguka imegeuzwa juu chini. Katika kompyuta halisi mshambuliaji aliye nje haendi kuifungua poti iliyofungwa kwa programu ya kupasulia. Poti iko wazi kwa sababu ndani kuna programu inayoisikiliza, na programu hiyo isipokuwepo hakuna kitu cha kushambulia hapo. Kinachoshambuliwa ni programu yenyewe: toleo lake la zamani, kasoro iliyomo ndani yake, namna ilivyosanidiwa kwa uzembe, au nywila ya mtu anayeitumia. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyeumaliza mchezo huu anajua 22 ni ya SSH, na hilo ni jema, ila ukimuuliza kwa nini seva fulani iko hatarini atakuambia kwamba poti zake ziko wazi, ilhali seva yenye poti 22 wazi, inayotumia funguo za kidijitali badala ya nywila na inayosasishwa kwa wakati, inaweza kukaa miaka mingi ikigongwa usiku na mchana bila kuingiliwa. Najua nitajibiwa kwamba kila mchezo wa kuiga lazima urahisishe mambo. Nakubali kabisa. Hata hivyo, kurahisisha ni kupunguza hatua huku chanzo cha tatizo kikibaki palepale, na hapa chanzo chenyewe ndicho kimehamishwa.

Jambo la pili ni wakati, na kwangu hili ni zito kuliko hata la poti. Ukigusa mashine yenye ulinzi katika Hacknet, kipimo cha ufuatiliaji kinaanza kuhesabu kuelekea sifuri, muziki unapanda, na una sekunde chache za kumaliza kazi na kukata muunganisho. Huo ni urithi wa michezo iliyotangulia, hasa Uplink ya Introversion Software iliyotoka mwaka 2001, ambamo mchezaji alipitisha muunganisho wake katika mashine nyingi ili afuatiliwe polepole. Bila saa hiyo mchezo ungepoteza nusu ya utamu wake. Lakini tuuweke kando ya tukio la kweli. Wavamizi wa Equifax, kampuni ya Marekani inayohifadhi taarifa za mikopo za watu, mwaka 2017 waliingia kupitia kasoro ya Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, ambayo marekebisho yake yalikuwa yameshatolewa tangu Machi mwaka huohuo, wakakaa ndani siku 76, na wakaondoka na taarifa za watu takriban milioni 147. Kifaa kilichopaswa kukagua mawasiliano yaliyosimbwa kilikuwa hakikagui, kwa kuwa cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda. Hakuna saa iliyohesabu wala king'ora kilicholia. Mwanafunzi anayeamini kwamba uvamizi hujitangaza kwa kelele hatajifunza kuutafuta ule unaonyamaza, na kazi ya mlinzi wa mifumo, sehemu yake kubwa, ni kuutafuta ule unaonyamaza.

Nikiwa kwenye tukio hilohilo, haki inanitaka niseme pia kwamba kuna mahali Hacknet imepatia. Wavamizi wa Equifax walipata faili yenye majina ya watumiaji na nywila zisizosimbwa, na kwa hizo wakazifikia hifadhidata nyingine nyingi. Anayeucheza mchezo huu anazoea jambo hilo mapema: anasoma barua pepe za watu wasiomjua, anapekua folda zinazoonekana hazina maana, na mara kwa mara nywila anayoihitaji imeandikwa na mtu aliyedhani hakuna atakayeisoma. Tabia hiyo ya kusoma kila kitu kwa subira ipo karibu na ukweli kuliko programu zote za kupasulia poti.

Kuhusu kufuta rekodi za matukio, nitasema kwa ufupi. Mchezo unamzoesha mtu kuingia katika folda ya log, kuandika rm na kuondoka akiamini ameshatoweka. Mifumo inayosimamiwa vizuri hutuma rekodi hizo papo hapo katika seva nyingine, na pengo katika rekodi ni ushahidi tosha kwamba kuna aliyepita.

Nafika sasa kwenye sehemu ambayo wapinzani wa mchezo huu wangepaswa kuisoma kabla ya kuuhukumu, na asiyetaka kujua kilichomo aruke aya hii. Katika kazi mojawapo mchezaji anaombwa kubadilisha programu ya kifaa kinachodhibiti mapigo ya moyo ya mgonjwa asiye na tumaini la kupona, ambaye anataka kufa. Mchezaji anatumia amri zilezile alizotumia kuiba faili za kawaida. Mchezo haumpi hotuba wala adhabu. Unamwachia mambo aliyoyasoma katika mafaili na kitendo alichokifanya kwa vidole vyake. Wala hilo si ndoto ya watunga hadithi, kwani Agosti 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vifaa vya aina hiyo vipatavyo 465,000 nchini humo vilihitaji kusasishwa programu yake kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama. Mchezo unaodaiwa kuua dhamiri ndio huohuo unaomlazimisha mchezaji aone kwamba mwisho wa muunganisho kuna mwili wa mtu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yake bora, na ingefaa kujadiliwa darasani hata na watu wasioandika amri moja.

Je, hofu ya uhalifu haina msingi kabisa? Hofu hiyo ni ya zamani, na historia yake haiwapendezi wanaoishikilia. Tarehe 1 Machi 1990 maofisa wa Secret Service ya Marekani walivamia ofisi za kampuni ya michezo ya Steve Jackson Games huko Austin, Texas, wakachukua kompyuta pamoja na mswada wa kitabu cha mchezo wa kuigiza uliohusu wadukuzi wa siku zijazo. Kwa maelezo ya Jackson mwenyewe, ofisa mmoja alikiita kitabu hicho mwongozo wa uhalifu wa kompyuta. Kampuni ilishtaki, na mwaka 1993 mahakama ikaipa ushindi.

Upande wa pili wa mizani upo ushahidi wa njia ambayo vijana huingilia uhalifu kweli. Shirika la Uingereza la kupambana na uhalifu, NCA, lilichapisha mwaka 2017 taarifa iliyoonyesha kwamba baadhi yao huanzia kwenye tovuti za kutafutia hila za michezo ya kawaida na za kuirekebisha, na kwamba wengi husukumwa na changamoto na sifa mbele ya wenzao kuliko fedha. Mirai, mtandao haramu wa vifaa vilivyotekwa kwa siri, uliozitikisa huduma nyingi za intaneti mwaka 2016, ulitengenezwa na vijana waliojiingiza katika biashara ya kuziangusha seva za Minecraft, na silaha yake kuu ilikuwa orodha fupi ya nywila za kiwandani, takriban sitini, ambazo wenye kamera na ruta hawakuzibadilisha. Minecraft haina udukuzi wowote ndani yake. Kama tunatafuta mchezo wa kuupiga marufuku kwa kufuata mantiki ya hofu, tutaanza na ule usiohusika kabisa.

Kwa hiyo kasoro ninayoishikilia mimi ni nyingine: Hacknet ina upande mmoja tu. Mchezaji anavunja kompyuta za watu tangu mwanzo hadi mwisho, na hata inapovamiwa yake mwenyewe anachofanya ni kuirudisha hewani ili aendelee kuvunja nyingine. Hakuna kazi hata moja ambamo anakabidhiwa seva aitunze kwa mwezi mzima, asome rekodi zake kila asubuhi, aamue ni masasisho gani yawekwe leo na yapi yasubiri kwa kuwa yatasimamisha huduma. Zaidi ya hapo, neno idhini halina nafasi katika mchezo, ilhali idhini ya maandishi ndiyo inayomtenganisha mpimaji wa mifumo anayelipwa na mshtakiwa aliye kizimbani, hata kama wote wawili wameandika amri zilezile.

Pengo hilo halizibwi kwa kuuondoa mchezo. Linazibwa kwa kuuweka kando ya mazoezi ambayo tayari yapo. Bandit, zoezi la tovuti ya OverTheWire, linamwingiza mwanafunzi katika mashine halisi ya Linux kupitia SSH ya kweli, bila malipo. PicoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon imekuwa ikiwapa wanafunzi mafumbo ya usalama tangu 2013. Na katika fainali za mashindano ya DEF CON, mkutano wa wadukuzi, kila timu inazilinda huduma zake huku ikizishambulia za wengine, jambo ambalo Hacknet haijaligusa. Mwalimu anayeanza na Hacknet kwa wiki moja, akautumia kuondoa woga wa amri na kufungua mazungumzo juu ya yule mgonjwa, kisha akahamia huko, mimi simpingi. Anayeugawa kama kozi kamili, au kuusifia kwamba aliyeumaliza sasa ni mtaalamu, huyo nampinga.

Ningependa kusikia hasa kutoka kwa wanaotetea mchezo huu kuliko mimi: mtengenezaji angewezaje kuifanya kazi ya mlinzi, ambayo siku zake nyingi hupita bila tukio lolote, iwe na mvuto wa kuchezwa bila kurudi kwenye saa inayohesabu sekunde? Na wanaotaka uondolewe shuleni waeleze watamwonyesha kijana nini badala yake, kwa sababu video za kujidai na programu za kupakua ovyo zipo tele mtandaoni, na hazina yule mgonjwa ndani yake.