Lojiki gani inafaa kueleza mtoto mchanga anavyoelewa kuwa mtu ametenda kwa kusudi?

Mdadisi_P: Wakuu naombeni msaada. Nataka kuandika kwa fomula kile anachoelewa mtoto wa miezi sita hivi akiona mkono unashika kitu. Nilianza na lojiki ya imani na nia, B kwa "anaamini", L kwa "analenga", ila kila nikiandika naona namvisha mtoto nguo za mtu mzima. Mwanangu ana miezi saba, nikinyoosha mkono kuchukua kikombe macho yake yanatangulia kwenye kikombe kabla sijakifikia. Hapo niandike nini?

KichwaNgumu: Hiyo B ifute mkuu, hujaihitaji bado. Kumbuka jaribio la Amanda Woodward la 1998, mtoto anazoeshwa kuona mkono unashika kitu kimoja kati ya viwili halafu vinabadilishana nafasi. Mkono ukienda pale pale pa zamani ukashika kitu kingine anakodoa macho muda mrefu, ishara kwamba ameshangaa, kuliko ukienda sehemu mpya ukashika kitu kile kile. Maana yake anachofuatilia ni L(mkono, kitu), sio L(mkono, mahali). Basi, hapo hujasema chochote kuhusu mawazo ya mwenye mkono.

Mama_Fomula: Naunga mkono ila uhusiano wa vitu viwili hautoshi, unahitaji vitatu: kitendo, lengo na hali ya mazingira. Gergely, Csibra na wenzao mwaka 1995 waliwaonyesha watoto wa miezi 12 kiduara kinaruka kizuizi kumfikia mwenzake, kizuizi kikatolewa. Kiduara kikiendelea kuruka wakati njia ni nyeupe watoto wanakiangalia sana, kikienda moja kwa moja hawashtuki, ingawa mwendo huo ndio mpya machoni pao! Yaani mtoto anategemea kitendo kiwe njia nafuu ya kufikia lengo kwa hali iliyopo, akipata mawili kati ya hayo matatu la tatu anakisia. Na nasisitiza KUKISIA, kwa sababu ukimwongezea taarifa hitimisho linaweza kufutika, kwa hiyo lojiki ya kawaida ambayo ukishathibitisha umethibitisha haikufai hapa, tafuta zile zinazoruhusu kurudi nyuma.

Mdadisi_P: Asante sana dada, hicho cha kufutika sikuwa nimekiona kabisa. Je stit, ile lojiki ya utendaji ya kina Belnap na Perloff?

KichwaNgumu: Stit ni tamu, "fulani anahakikisha kwamba p", wakati unagawanyika matawi na mtendaji kwa uchaguzi wake anabakiza yale tu ambayo p ni kweli. Lakini baadhi ya aina za stit zinadai pia kwamba p ingeweza isiwe. Sasa mtoto wa miezi sita anaona hayo matawi mengine? Mimi ningeitumia kueleza kitendo chenyewe, sio kichwa cha anayekitazama.

Mama_Fomula: Na B usiitupe moja kwa moja, iweke ngazi ya juu. Kwenye majaribio ya kumuuliza mtoto kwa maneno, kama la Wimmer na Perner la 1983, imani potofu, yaani kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli, inaeleweka kuanzia miaka minne hivi. Onishi na Baillargeon 2005 wakapima tu muda mtoto anaotazama, wakasema hata wa miezi 15 anaielewa, ugomvi haujaisha.

Mdadisi_P: Basi naanza upya na uhusiano wa vitu vitatu pamoja na kanuni ya njia nafuu. Jioni nitaweka kitabu kati ya mkono wangu na kile kikombe nione macho yake yanapita wapi.