Gemu langu la toyo linagoma kwenye kompyuta za watu: nibaki na Pygame au nihame?

Toyo_la_Mbuyuni
Wakuu, heshima kwenu. Niko Moshi, Soweto. Tangu Februari natengeneza gemu la kompyuta: dereva wa toyo anashusha ndizi kutoka Marangu mpaka soko la Mbuyuni. Akikata kona vibaya mikungu inamwagika, akichelewa mama wa sokoni anampunja bei. Ni 2D tu, picha nachora mwenyewe. Naandika kwa lugha ya Python nikitumia Pygame, maktaba yake ya kutengenezea magemu, na kodi imefika mistari elfu tatu na ushee (kodi ya kompyuta, si ile ya TRA).

Kwangu linacheza vizuri. Nikalifungasha kwa PyInstaller (inageuza kodi ya Python kuwa programu ya kufunguka hata pasipo na Python), nikalipeleka kwa flashi kwa binamu yangu mwenye steshenari Majengo. Ana mashine nne, zote Windows 7. Zote zimegoma, eti faili api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll halipo. Na watoto wa mtaa nilishawaita waje kuona!

Sasa washkaji wananichanganya. Mmoja anasema Unity, mwingine Godot (zote ni injini za kutengenezea magemu), mwingine anasema Python si lugha ya magemu. Laptopu yangu ni ya mtumba, i5 kizazi cha pili, RAM 4GB. Nishike lipi?

Kifodi_cha_Sakina
Dogo, nenda Unity. Lugha yake, C#, itakupa hata kazi mjini. Hilo faili litafute Google, lipakue, libandike kwenye System32, folda ya Windows yenyewe, kazi imeisha.

FundiNjiro
Mkuu Kifodi, hapo kwenye kubandika tusimpoteze mtoto wa watu. DLL (faili la msaada ambalo programu hulitegemea) ya kuokota kwenye tovuti usiyoijua ni kukaribisha virusi, na hata ikikubali, atazunguka kubandika kwa kila atakayetaka kucheza?

Toyo, hilo faili ni la Windows yenyewe, ila Windows 7 haikuzaliwa nalo. Anayeliulizia ni Python: kuanzia toleo la 3.9 waliiacha Windows 7. PyInstaller inabeba rantaimu (kiini kinachoendesha kodi) ya Python uliyonayo wewe na kuitia ndani ya kifurushi, lakini haiwezi kukubebea Windows. Weka Python 3.8 pembeni, fungasha kwa hiyo, kajaribu tena. Usitupe mistari elfu tatu kwa sababu ya faili moja.

Kuhusu kuhama, angalia kwanza mashine. i5 ya kizazi hicho kwa kawaida ina chipu ya picha ya Intel HD 3000, na kwenye Windows inaishia toleo la 3.1 la OpenGL, njia ambayo programu hutumia kuiagiza chipu ichore. Godot 4, hata ukiiweka kwenye hali yake nyepesi, inataka 3.3. Utapambana nayo bure. Godot 3 ina mfumo wa kuchora wa GLES2 unaoridhika na OpenGL 2.1, ni ya bure kwa leseni ya MIT, na kuipakua haifiki MB 100. Unity ni GB kadhaa, na kwa RAM 4GB utakuwa unafungua mradi huku unachemsha chai.

BintiKiborloni
Mdogo wangu, mimi nilikuwa Unity. Septemba 2023 wakatangaza ada ya kila mara gemu linapowekwa kwenye mashine, kelele zikawa nyingi, Septemba 2024 wakaifuta. Kwa mtu asiyeuza kitu haikuwa inakugusa, lakini tangu hapo nasoma leseni kwanza, mafunzo baadaye.

Siku hizi natumia LÖVE, zana nyingine ya magemu, unaandika kwa lugha ya Lua. Unampa mtu folda moja yenye .exe na DLL chache, basi. Inahitaji OpenGL 2.1 tu. Msidharau udogo wake, gemu la Balatro lililovuma 2024 limetengenezwa humo. Halafu LÖVE na Pygame zote zimekalia SDL, maktaba ya chini inayoshika dirisha na kibodi, kwa hiyo ukihama siku moja hutajiona mgeni sana kwenye mambo hayo. Ila kwa sasa msikilize Fundi, maliza ulichoanza.

Kifodi_cha_Sakina
System32 nimesalimu amri. Kwenye C# sirudi nyuma. Kama Unity ni nzito, si kuna MonoGame, zana ya magemu ya C#?

FundiNjiro
MonoGame ni nzuri, na .NET (rantaimu ya C#) unaweza kuifungasha humo humo mchezaji asihangaike kuiweka. Lakini .NET 8 nayo haiihudumii Windows 7. Atarudi pale pale Majengo kushangaa.

Toyo_la_Mbuyuni
Mrejesho, wakuu. Nimefungasha kwa 3.8 na limefunguka kwenye mashine zote nne! Moja haitoi sauti, binamu anasema spika ilikufa mwaka jana. Nabaki na Pygame mpaka gemu hili liishe, LÖVE nitaijaribia gemu la pili.

Ila kuna jipya. Kwangu toyo inapaa, kwa binamu inatambaa kama imebeba saruji. Python ni nzito kweli?

BintiKiborloni
Mwendo unauongezaje? Usiniambie ni x += 5 kila fremu, yaani pikseli 5 kila picha moja ikichorwa.

Toyo_la_Mbuyuni
Ndiyo hiyo hiyo dada.

BintiKiborloni
Haya. Mashine yenye fremu 60 kwa sekunde itasogeza toyo mara mbili ya yenye 30. Kwenye Pygame, clock.tick(60) inakurudishia milisekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia. Gawanya kwa 1000, zidisha kwa mwendo wa pikseli kwa sekunde, ndipo uongeze kwenye x. Na mikungu inayoanguka ifanyie vivyo hivyo, maana najua huko nako umeandika 5.

Toyo_la_Mbuyuni
Huko ni 7. Narekebisha, jioni narudi Majengo na flashi.