Urefu wa safu: aina yenye ishara au isiyo na ishara?

mwanagenzi: Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika maktaba ndogo ya takwimu kwa C++, na urefu wa safu nimeuweka katika size_t, aina isiyo na ishara (isiyoshika namba hasi), kwa kuwa idadi ya vipengele haiwezi kuwa hasi. Funksheni inayotafuta tofauti kati ya kila kipengele na kinachokifuata ina mzunguko unaoendelea maadamu i < n - 1, nayo hufanya kazi vizuri mpaka mtumiaji alete safu tupu. Hapo programu husoma kumbukumbu isiyo yake na kuanguka. Je, nibadilishe aina zote ziwe zenye ishara, au niongeze masharti tu?

fundi_biti: Ndugu, n ikiwa 0, n - 1 katika size_t ya biti 64 haiwi -1 bali 18446744073709551615, kwa hiyo sharti lako halikatiki. Kwa mzunguko huu andika i + 1 < n, na huna haja ya kugusa aina yoyote. Ila hoja yako ya awali ndiyo inayonitia shaka: aina isiyo na ishara haizuii namba hasi kuingia, inaificha tu. Mtu akikupa -1, kompaila huipokea kimya usipowasha onyo la -Wsign-conversion. Vilevile -1 < 1u (u huonyesha kwamba 1 haina ishara) hutoa jibu la uongo, kwa kuwa -1 hugeuzwa kwanza kuwa 4294967295. Mimi hutumia std::ptrdiff_t, aina yenye ishara, popote penye hesabu ya kutoa, kama maktaba ya Eigen inavyofanya kwa faharasa zake, na hubadilisha aina mara moja tu, mlangoni, yaani pale thamani inapoingia, baada ya kukagua thamani. Panapolazimu kulinganisha aina mbili, C++20 ina std::cmp_less, inayolinganisha thamani zenyewe bila kugeuza ishara.

taratibu: Nakubaliana na mkuu, lakini msomaji asitoke hapa akidhani kwamba yenye ishara ni salama. Ikifurika, yaani jibu likizidi mipaka ya aina, kanuni za C na C++ hazisemi chochote kuhusu matokeo, na kompaila ina ruhusa ya kudhani kwamba jambo hilo halitokei. Ndiyo maana ukaguzi wa a + b < a, pale ambapo b inajulikana kuwa chanya, unaweza kufutwa wote bila onyo. Kagua kabla ya kujumlisha: b ikiwa chanya, kataa endapo a > INT64_MAX - b, ikiwa hasi, kataa endapo a < INT64_MIN - b (hizo ni thamani kubwa na ndogo kuliko zote za int64). Na abs ya -2147483648 haina jibu katika int ya biti 32.

Mtego ninaouchukia zaidi ni wa uint16_t, aina ya biti 16 isiyo na ishara. Ukizidisha 65535 kwa 65535, zote mbili hupandishwa kwanza kuwa int yenye ishara, na 4294836225 haienei humo. Geuza moja iwe uint32_t kabla ya kuzidisha.

mwanagenzi: Nimewaelewa, asanteni. Baadhi ya watumiaji wataniletea safu za uint64 kutoka NumPy, maktaba ya safu ya Python. Nizijumlishe na int64 zangu hukohuko Python?

fundi_biti: Hapana. NumPy ikijumlisha safu ya uint64 na ya int64 hutoa float64 (aina ya namba za desimali), ambayo ikishapita 9007199254740992 haiwezi tena kushika kila namba kamili, na hutaona kosa lolote kwenye skrini. Tafuta thamani kubwa kuliko zote katika safu hiyo. Ikizidi 9223372036854775807 ikatae kwa ujumbe ulio wazi, vinginevyo igeuze iwe int64 ndipo ujumlishe, ukikumbuka ukaguzi aliouandika taratibu.