Mama mkwe anasema niache vidonge vya damu, mtoto atajichukulia mwenyewe

MamaKijacho_Busia
Habari zenu. Nina mimba ya miezi saba, niko Busia upande wa Uganda. Kliniki wamenipima wingi wa damu (hemoglobini) ikatoka 10.2, wakasema isipungue 11, wakanipa vidonge vya madini ya chuma. Vinanifunga choo, na kikitoka ni cheusi tii. Mama mkwe anasema niachane navyo, mtoto hujichukulia chake hata mama akiwa hana. Ni kweli?

Mama_Tororo
Mimi niliviacha, mtoto akazaliwa na kilo 3. Kula dodo (mchicha) na mukene (dagaa), yatosha.

Mkunga_Arua
Dada, mama mkwe ana nusu ya ukweli. Chuma katika damu yako kinabebwa na protini iitwayo transferini. Kondo la nyuma lina vipokezi vinavyoikamata na kuivuta ndani ya seli. Huko chuma hutolewa na kupitishwa kwa mtoto, transferini ikarudi kwako tupu. Chuma chako kikipungua, kondo huongeza vipokezi. Kwa hiyo kweli, mtoto anapendelewa.

Ila anapendelewa katika kilichopo. Ukipungukiwa sana, naye huzaliwa na akiba ndogo, na akiba hiyo ndiyo inayomvusha miezi minne hadi sita ya mwanzo, maana maziwa ya mama yana chuma kidogo mno. Mizani haipimi akiba, Mama Tororo, hata angekuwa na kilo 4.

Tena sehemu kubwa ya chuma cha mtoto huvuka miezi mitatu ya mwisho. Ndiyo hii uliyomo!

Choo cheusi kisikutishe, ni vidonge. Kunywa maji mengi, kula papai. Kikizidi kuwa kigumu rudi kliniki wakubadilishie. Na usivimeze na chai, chai huzuia chuma kisifyonzwe. Maji ya machungwa ndiyo mazuri.

Baba_Bombo
Na emumbwa, ule udongo wa kula? Mke wangu hatembei bila kipande.

Mkunga_Arua
Udongo nao unaweza kukizuia chuma tumboni. Tena hamu yenyewe ya kula udongo mara nyingi huja na upungufu wa damu. Apimwe, na malaria na minyoo pia.

MamaKijacho_Busia
Asante dada. Chai ya asubuhi siiwezi kuiacha, kusema kweli. Nikimeza usiku je?

Mkunga_Arua
Meza usiku, hakuna shida. Kichefuchefu kikija, kula kidogo kwanza. Mama mkwe njoo naye kliniki, tutaongea naye.